Mwanga wa Mchele

Nyie vijana wapiga picha mnaokuja kunigongea mlango hapa Ilembo, simu zenu mikononi, huwa mnaniuliza swali lilelile: "Mzee Shija, jua la saa nane mchana ulikuwa unalifanyaje?" Mnauliza kama mtu anayeulizia dawa ya mafua dukani. Nami nawavutia kigoda, nawaambia mpige picha asubuhi, mnashukuru, mnakwenda zenu.

Lile si jibu. Lile ni la kuwaondoa tu ili nirudi kulala.

Wasanii wa mtaani hawafanyi kazi asubuhi. Asubuhi wanatafuta chai kama watu wengine. Mcheza ngoma, mpiga zeze, mchora kuta, mtu wa nyoka, wote wanaanza watu wanapojaa, na mnadani watu wanajaa wakishauza ng'ombe wao, jua likiwa utosini. Ukitaka picha ya msanii wa mtaani huchagui mwanga. Unapewa uliopo, na uliopo huku kwetu mwezi wa tisa ni ule ambao hata kuku wanauogopa, wanalala chini ya mikokoteni midomo wazi.

Basi leo nawaandikia jibu lenyewe. Limekuwa refu kwa sababu ndani yake yumo mtu.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Wazazi wangu walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe, tukakaa huku, tukakaa kule, mwisho tukafika Litapunga, na kila tulipohama nilianza darasa upya, mpaka mwalimu mmoja akaniambia nimekuwa mrefu kuliko dawati. Nikabaki na ng'ombe. Lakini nilikuwa mtoto wa kuuliza, na ng'ombe hawajibu. Nikaingia Mpanda mjini kutafuta watu wa kuwauliza.

Studio ya Mzee Sadiki ilikuwa kwenye njia ya kwenda stesheni. Niliingia kuuliza jambo moja tu: kwa nini kila mtu wa Litapunga mwenye picha ukutani alikuwa amesimama kwenye ngazi za ndege, wakati hata baiskeli walikuwa wanaazimana? Mzee Sadiki akanifunulia pazia. Ndege ilikuwa imechorwa kwa rangi ya mafuta, na mchoraji alikuwa amesahau tairi moja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaniambia, "Ukimaliza kucheka, ufagio uko nyuma ya mlango." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Mzee Sadiki alinifundisha kufunga mkanda gizani kwa vidole, kusafisha picha, kumweka bwana harusi mfupi juu ya tofali bila ndugu zake kujua. Na alinipa amri mbili za nje. Ya kwanza, jua liwe mgongoni kwako. Ya pili, kivuli chako kisiingie kwenye picha. Hiyo ya pili aliisema kwa ukali kama mtu anayesoma hukumu. "Kivuli chako kikiingia kwenye picha ya mteja, umemwibia nafasi aliyoilipia. Amekuja kujiona yeye, hakuja kukuona wewe."

Niliishika amri hiyo. Mtu akitaka kunijua kwa picha nilizopiga hatanipata. Hakuna mkono wangu, hakuna kidole changu kwenye lenzi, hakuna kivuli. Zipo maelfu, na kwenye zote, ukiacha moja, mimi sipo.

Tatizo ni kwamba Mzee Sadiki hakuwahi kutoka nje. Jua lake lilikuwa balbu mbili alizoziwasha na kuzizima apendavyo. Nilipoanza kuzunguka minadani na kamera yangu mwenyewe, niligundua kwamba nusu ya kazi hakunifundisha, kwa kuwa hakuwa nayo.

Picha zangu za kwanza za nje zilikuwa za vijana wa bugobogobo, wale wanaocheza na majembe, wanayarusha juu na kuyadaka bila kuyatazama. Walikuwa wamejipaka unga usoni. Jua likawapiga, unga ukawaka, na picha zilipotoka watu wote walikuwa na nyuso nyeupe tupu kama sahani. Kiongozi wao aliishika yake, akaigeuza juu chini.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Mimi nina pua, kaka."

Tangu siku hiyo nilijifunza kupima mwanga kwenye ngozi na si kwenye unga. Nilijifunza pia kwamba jasho la mpiga ngoma linang'aa kuliko ngoma yenyewe, hivyo unabeba kitambaa, unamwomba kwa adabu ajifute paji la uso. Na kwamba ardhi yetu hii nyekundu ni rafiki. Mtu akisimama juu ya udongo mkavu, mwanga unaruka kutoka chini na kumgusa kidevuni. Mkisimamisha mtu kwenye lami mmeutupa msaada huo.

Somo lingine nilifundishwa na nyoka. Palikuwa na bwana mmoja mnadani Magamba aliyecheza na chatu. Nilipiga goti kumpiga picha kwa karibu, jua limewaka, uwanja mweupe. Yule chatu akateleza kutoka begani kwa bwana wake, akashuka, akaja moja kwa moja kwangu. Watu wakakimbia. Mimi nilibaki pale nimepiga goti, na si kwa ushujaa. Bwana wake akaniita kwa sauti ya chini kabisa: "Tulia hivyo hivyo, shemeji. Hakutaki wewe. Anataka kivuli chako." Ilikuwa kweli. Pale uwanjani kivuli pekee kilichotulia kilikuwa changu. Yule mnyama akajikunja ndani yake kama mtu aliyefika nyumbani. Nadhani ni yeye pekee aliyewahi kunifuata mimi mwenyewe bila kutaka picha.

Yeye na Maganga.

Maganga alikuwa mpiga zeze. Alitokea upande wa Tabora, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia pana ya majani ambayo hakuivua hata akila. Alikaa chini, akaweka kibuyu cha zeze kifuani, akaanza kudonoa nyuzi, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu walilazimika kusogea. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake. Wenye spika kubwa walisikika mpaka barabarani lakini hakuna aliyewakaribia. Maganga alisikika hatua chache tu, na watu walijipanga kumzunguka kama wanaota moto.

Watu wakishajipanga mahali pamoja wanataka picha. Kwa hiyo tulianza kuambatana. Yeye alikusanya, mimi nilipiga. Tulizunguka minada yote ya huku, tukapanga chumba kimoja, tukanunua sufuria moja. Hatukuongea sana. Lakini kila nilipofika mnadani nimechelewa nilikuta ameweka mfuko wake juu ya jiwe lenye kivuli, na mtu akitaka kukaa anamwambia, "Hapo ana mwenyewe."

Vijana, nimelala kwenye vibanda, kwenye stoo za mahindi, kwenye mabehewa yaliyosimama. Sikumbuki mahali pengine ambapo mtu alisema hivyo kuhusu mimi.

Siku moja tulikuwa sokoni Mpanda, tumekaa karibu na Mama Yustina, muuza mchele. Mama Yustina ni mtu wa Mpimbwe. Alikuwa anakwenda na fuso kwao kuchukua mchele, anarudi kuumwaga hapa juu ya sandarusi nyeupe iliyotandikwa chini, anakaa chini ya mwavuli na ungo wake, anachagua mawe na kutukana jua. Siku hiyo hakutukana. Alimtazama Maganga muda mrefu.

"Maganga, wewe una mtoto kwetu."

Zeze likanyamaza.

"Unaye au huna?"

"Ninaye," Maganga akasema. "Nilimwacha anatambaa."

"Basi ametembea. Anaolewa. Ndoa imeanza kutangazwa kanisani. Padri ametaja jina la baba yake, watu wakatazamana."

Maganga alinihadithia baadaye, kidogo kidogo. Aliishi na mama wa mtoto kule Mpimbwe, akaondoka kutafuta kazi ya vibarua, kazi ikamsogeza, miaka ikapita, aibu ikawa ndefu kuliko njia. Mama wa mtoto alishafariki. Mtoto, Modesta, alilelewa na mjomba wake, na mjomba alimwambia kwamba baba yake ni ombaomba wa sokoni.

Mama Yustina alikuwa amepewa ujumbe, akautoa kama alivyopewa, neno kwa neno: "Modesta anasema hataki uje siku ya harusi watu wamwambie huyu ndiye baba yako, aanze kukukagua mbele ya padri. Anataka picha kwanza. Akutazame peke yake, akuzoee. Na hataki ya studio. Anataka akuone unafanya nini hapa mjini, uko kazini, na watu wako."

Maganga akanigeukia. Chini ya ile kofia sikuona kitu, lakini nilijua ananitazama.

"Shija, hiyo si ndiyo kazi yako?"

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni ya dakika moja.

Nilipiga mchana huohuo. Maganga yuko kati ya watu, zeze kifuani, watoto mbele, wafugaji wamesimama nyuma na fimbo zao. Picha nzuri. Nikaisafisha studio, Mama Yustina akaondoka nayo na fuso. Aliporudi, alimwaga mchele kwanza, akaupanga, akakaa, akajipepea, sisi tumesimama mbele yake kama watuhumiwa.

"Anasema ameona kofia. Baba hajamwona."

Niliitazama nakala niliyobaki nayo. Alisema kweli. Chini ya ukingo wa kofia palikuwa na shimo jeusi. Macho yenu yana huruma kuliko kamera. Mkimtazama mtu aliyevaa kofia juani mnamwona uso, kwa sababu mnamjua na akili inawajazia. Kamera haimjui mtu. Ikikuta giza inaandika giza. Nilikuwa nimemtazama Maganga kwa miaka yote hiyo, nikadhani kila mtu anamwona kama ninavyomwona.

Nikajaribu flashi. Kwenye jua kama lile, flashi ya ile kamera yangu ndogo ilikuwa kama kuwasha kibiriti mchana.

"Basi vua kofia," nikamwambia.

Alisita. Sijui mtu anazoea vipi kujificha mpaka kichwa chake chenyewe kinamwonea haya, lakini aliivua, akaiweka chini polepole kama anaweka yai. Nikapiga. Fuso likaenda, likarudi.

Safari hii Mama Yustina hakumwaga mchele kwanza.

"Anauliza, mbona ana hasira? Anasema kama umekasirika kuitwa, usije."

Maganga alinyoosha mkono. Akachukua picha, akaitazama. Jua lilikuwa limemwingia machoni, akawa amekunja uso, paji la uso lote mikunjo, midomo imevutwa, meno kidogo nje. Ukimjua unajua ni jua. Usipomjua unaona mtu anayetaka kupiga mtu.

"Mimi sina hasira," akasema. Akairudisha kofia kichwani. "Ameniona mara ya kwanza, nimemkasirikia."

"Ni jua, Maganga."

"Yeye atajuaje ni jua?"

Saa nzima hakugusa zeze. Alikaa tu. Mara ya kwanza tangu nimjue, watu walikuja wakasimama, wakasubiri, wakaondoka.

"Jumapili hii ni tangazo la mwisho," Mama Yustina aliniambia pembeni. "Kesho fuso linakwenda. Wakishamaliza kutangaza, mjomba ndiye atakayekaa kwenye kiti cha baba, na mambo yatakuwa yameisha. Mtu hawezi kuja baadaye kusema nilikuwa nakuja."

"Kesho saa ngapi?"

"Alfajiri. Kwa hiyo ni leo, baba. Ni leo au basi."

Nilikaa chini pale pale karibu na biashara yake, sijui la kufanya. Ukivaa kofia ni giza, ukivua ni hasira. Asubuhi ilikuwa imeshapita, na jioni sokoni hapana watu, angekuwa mzee mmoja amekaa kwenye takataka na zeze, yaani yuleyule ombaomba wa mjomba. Nilimtazama Mama Yustina bila sababu, mtu akichoka hutazama kilicho mbele yake. Alikuwa ameinama chini ya mwavuli anachagua mawe. Nikashangaa.

"Mama, nani amekuwekea taa?"

"Taa gani? Wewe jua limekuingia kichwani."

Lakini uso wake ulikuwa unaonekana wote. Chini ya mwavuli mweusi, mahali palipotakiwa pawe kiza, niliona kidevu, niliona mashavu, niliona hadi kovu dogo chini ya jicho ambalo sikuwahi kulijua. Nikanyoosha mkono juu ya mchele, kiganja kikitazama chini. Kiganja kikawaka. Ule mchele uliomwagwa juu ya sandarusi nyeupe ulikuwa unalipokea jua na kulirudisha juu, taratibu, limepoa, kama mtu anayekupa uji baada ya kuupuliza.

"Mama Yustina, naomba Maganga akae hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, ukingoni. Miguu yake iguse sandarusi."

"Na watu wake? Waje wanikanyagie mchele? Nyie Wasukuma mkiona mahali peupe mnadhani ni malisho."

"Watasimama nyuma yake. Mama, ni kwa ajili ya Modesta."

Aliguna. Akasimama, akauvuta mwavuli pembeni, akausambaza mchele kwa mikono yake mwenyewe, kwa upana, mpaka sandarusi yote ikawa nyeupe. "Punje moja ikipotea utaiokota kwa meno," akasema. Kisha akageukia wachuuzi wenzake na kuwapigia kelele: "Haya, njooni mjipange nyuma ya baba yetu, na mtu asivuke hapa, nitamvunja mguu!"

Maganga akakaa juu ya debe lililopinduliwa, kofia kichwani. Akaanza kudonoa. Watu wakaja. Jua lilikuwa limeanza kuegemea, liko nyuma yangu, juu ya bega langu la kulia. Nilipoinama kumtazama kwenye kitundu cha kamera, kwa mara ya kwanza nikamwona kama Modesta angemwona. Mwanga ulikuwa umeingia chini ya kofia. Macho yalikuwepo. Pua ilikuwepo.

Mambo mawili yalibaki. La kwanza, mchele ulikuwa unamchoma machoni, akaanza kukunja uso tena. Dawa yake ni hii, ishikeni: mwambie mtu afumbe macho, apumzike kabisa, uso ulegee, kisha umwambie afumbue, na upige hapohapo, kabla jua halijamkumbuka.

La pili lilikuwa kivuli changu. Kilikuwa kimelala juu ya mchele, kichwa na bega, upande wa kushoto chini ya picha. Nikisogea kulia, nguzo ya kibanda inaingia. Nikisogea nyuma, nampoteza macho. Nilisimama pale nikimsikia Mzee Sadiki akifoka. Nikakiacha.

"Fumba macho," nikamwambia Maganga.

Akafumba. Vidole vilikuwa vinaendelea vyenyewe kwenye nyuzi.

"Nikisema fumbua, fumbua umtazame Modesta."

"Simjui alivyo," akasema, macho yamefumbwa. "Nimtazame vipi?"

Mama Yustina akaacha kupiga kelele.

"Basi nitazame mimi," nikasema. "Fumbua."

Akafumbua. Nikapiga.

Sasa, kamera zile za dijitali za mwanzo, kioo chake cha nyuma hakionyeshi kitu juani. Picha nzuri inaonekana giza, ukaamini, ukaongeza mwanga, ukafika nyumbani ukakuta umeunguza kila kitu. Ndiyo maana nilikuwa nabeba koti zito kiangazi chote. Nilijifunika kichwa nalo kuangalia picha, na watu wa minadani walikuwa wananicheka: "Shija anajifukiza tena!" Nilijifunika.

Ndani ya koti kuna joto na harufu ya jasho lako mwenyewe, na huoni mtu. Nikaifungua ile picha. Alikuwepo Maganga, mzima, na watu wake nyuma, zeze kifuani, na alikuwa ananitazama kwa namna ambayo mtu anamtazama yule ambaye amemwekea mahali pa kukaa. Nilijua pale pale kwamba msichana yeyote akipata kutazamwa hivyo atasema njoo. Na nilijua kwamba akienda harudi. Angerudi kufanya nini? Kwangu palikuwa na chumba cha kupanga na sufuria.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameiona, na kuifuta ni kubonyeza kitufe kimoja. Nje kulikuwa na jua, ndani ya koti kulikuwa na mimi na yeye.

"Vipi?" nikasikia sauti ya Maganga.

Nikalivuta koti, nikajifunika zaidi.

"Shija!" Huyo alikuwa Mama Yustina. "Umelala humo?"

Nikatoka.

"Imetoka," nikasema.

Nilikimbia studio kuisafisha kabla hawajafunga. Alfajiri fuso likaondoka nayo. Lilirudi limejaa, na safari hii Mama Yustina alianza kupiga kelele kabla hajashuka: "Anasema uje! Anasema na zeze uje nalo!"

Maganga aliondoka na fuso lililofuata. Vitu vyake vilienea kwenye mfuko mmoja. Nilimshikia zeze wakati anapanda, nikampa.

"Sufuria baki nayo," akaniambia.

"Ni kubwa kwa mtu mmoja."

"Utapata mtu." Kisha akakumbuka. "Utakuja kupiga harusi?"

Nilikwenda. Mpimbwe ilikuwa imejaa mpunga wa mifereji, kijani mpaka macho yanapoa. Nilimpiga picha Modesta, mwanamke mrefu kama baba yake, nikampiga mumewe, nikampiga mjomba akimsogezea Maganga kiti na kukaa kwenye cha pembeni. Niliwapanga wote pamoja, ukoo mzima, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikawaambia watazame huku. Wakatazama huku. Mnajua kazi ilivyo. Hakuna anayemwambia mpiga picha na wewe ingia.

Kabla sijaondoka Modesta alinipitisha ndani. Picha ya mchele ilikuwa ukutani. Akanionyesha kwa kidole pale chini, kwenye lile doa jeusi juu ya mchele.

"Niliuliza siku ya kwanza hiki ni nini," akasema. "Mama Yustina akanicheka. Baba alipofika ndiyo akaniambia."

"Alikwambia nini?"

"Alisema, huyo ni Shija."

Nikarudi Mpanda. Niliendelea na minada miaka mingi baada ya hapo. Niliwapiga picha waimbaji wenye spika, wachora kuta, vijana wa sarakasi wanaopanda mabegani kwa wenzao. Kila nilipofika nimechelewa nilitazama mawe yenye kivuli, na kila jiwe lilikuwa na mtu. Nilipika kwenye sufuria ile, chakula kikabaki, nikala kesho yake. Kisha jua likaanza kunidai macho, utando ukaingia, nikaiweka kamera juu ya kabati, nikaja kukaa hapa Ilembo, ambapo nyie mnanigongea.

Maganga alizikwa kule Mpimbwe mvua zilipokuwa zinaanza. Mtu alinipigia simu, lakini barabara ilikuwa imekatika.

Sasa, mwezi huu mmoja wenu alikuja hapa. Sitamtaja, anajijua, ni kijana mwenye mikono safi na jicho zuri. Modesta amemtumia picha ile aifanye upya, iwe kubwa, ya kuwekwa mbele kwenye misa ya kumbukumbu ya baba yake. Rangi ilikuwa imekufa, pembe zimeliwa. Aliniletea simu yake nione. Nikaisogeza hadi puani, ndiko macho yangu yanakofika. Kijana, uliifanya vizuri mno. Mchele ulikuwa mweupe tena. Nyuzi za zeze zinahesabika. Uso wa Maganga ulikuwa kama siku ile.

"Na lile doa la chini nimelifuta, mzee," ukaniambia. "Kivuli cha mpiga picha. Sijui nani alikuwa mzembe hivyo."

Nikakwambia hongera. Nikakuvutia kigoda, nikakwambia upige asubuhi, ukacheka, ukaenda.

Misa bado. Mzee Sadiki angekupa mkono, maana ndivyo alivyofundisha, na kwa picha nyingine zote fuata alivyofundisha. Kwa hii moja nakuomba ukirudishe kivuli. Kilikuwa chini kushoto, juu ya mchele, kichwa na bega. Maganga alikuwa anamtazama mwenye kivuli, na watu wa misa wakiangalia macho yake watataka kujua anamtazama nani.